Barua Mbili kutoka Poona

Barua mbili kutoka Poona zilifika nyumbani juma moja, mwezi wa Aprili 1984. Ya dada ilitangulia, ya kaka ikafuata. Zote zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, maana kule kwetu juu ya Wundanyi, katika milima ya Taita, sanduku la shule ndilo lililokuwa sanduku la kijiji, na mwalimu mkuu alijua kabla ya wenyewe nani kaandikiwa na nani. Dada alikubaliwa kusomea shahada ya sayansi, kaka shahada ya biashara. Masomo yangeanza katikati ya mwaka, na ada ilitakiwa mapema.

Wazazi wetu wangeweza kumlipia mmoja tu.

Imepita miaka arobaini. Baba na mama wamekwisha kututangulia, na wazee waliokaa kwenye kikao cha ukoo kuhusu jambo hilo wamebaki wachache. Habari hii nimeisikia ikisimuliwa kwenye harusi na kwenye matanga, na kila mara inasimuliwa vilevile: kwamba baba, kama wanaume wa zama zake, alimchagua mtoto wa kiume. Sivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo. Nilikuwa darasa la sita, kitindamimba, na mtoto wa umri ule akikaa jikoni anachambua maharagwe, hakuna anayekumbuka kwamba ana masikio.

Nieleze kwanza kwa nini India. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijitokeza kuwashangilia, na jaribio liliposhindwa chuo kikafungwa. Kilikaa kimefungwa zaidi ya mwaka. Na nchi nzima haikuwa na chuo kikuu kingine, ila hicho na tawi lake la Kenyatta. Kile cha Eldoret kilikuwa bado hakijapokea mwanafunzi. Kwa hiyo waliomaliza kidato cha sita wakawa wanarundikana mwaka juu ya mwaka, wote wakigombea nafasi zilezile. Dada alimaliza 1981, kaka 1982. Dada ndiye aliyekuwa na kichwa. Hesabu alizifanya kama mtu anayesoma barua, bila kusimama. Alipata alama ambazo kila mwalimu aliyeziona alisema zinatosha, na bado jina lake halikutoka gazetini.

Mzazi aliyekuwa na chochote akaanza kutazama nje. Uingereza ilikuwa imepandisha ada kwa wanafunzi wa kigeni, Marekani ilikuwa ya wenye nacho au wenye mfadhili. Tulikuwa tumewasikia wale vijana themanini na mmoja waliopelekwa Marekani na Tom Mboya mwaka 1959, wengi wao wavulana, lakini ndege za namna ile zilikuwa zimekwisha kupita. India ndiyo mtu wa mshahara angeweza kuifikia. Poona, Bombay, Baroda na Chandigarh yakawa majina ya kawaida vijijini, yakitajwa na akina mama ambao Nairobi hawajafika.

Baba alikuwa na sababu yake ya kuiamini India. Alikuwa karani wa mizigo kwenye steshini ya Voi tangu enzi ya Reli ya Afrika Mashariki. Njia ile ilijengwa na vibarua zaidi ya elfu thelathini walioletwa kutoka India, na hata alipoajiriwa yeye, wakubwa wa steshini walikuwa Wagoa na Wapunjabi. Aliyemfundisha kujaza hati za mizigo alikuwa mzee wa Kigoa, mkali wa tarakimu, na baba alimtaja kwa heshima mpaka alipokufa. Alisema watu walioweza kuendesha treni kwa saa, na kila kifurushi kikaandikwa mahali pake, hawawezi kuwa na chuo kibaya.

Mshahara wake lakini haukuwa ule wa zamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Tanzania ulifungwa, na njia ya reli kutoka Voi kwenda Taveta hadi Moshi ikakauka mizigo. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983, lakini wafanyabiashara walikuwa wameshazoea kupitia kwingine. Ovataimu aliyoitegemea haikurudi. Mama alikuwa na shamba la mboga, kabichi na nyanya, zilizoshushwa kwa lori usiku mpaka soko la Kongowea, Mombasa. Na tulikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe ndio waliokuwa benki yetu. Kule juu mashamba ni membamba, yamebandikwa kwenye miteremko, kwa hiyo mifugo mingi huwekwa kwa jamaa wa bondeni, kuanzia Mwatate kuteremka nyikani. Mtu aliweza kuwa na ng'ombe kumi na jirani yake asijue. Sasa mwaka ule wa 1984 mvua za masika hazikunyesha. Ndio mwaka wa njaa wanaoukumbuka Wakenya wote wa rika langu, mwaka wa mahindi ya manjano kutoka Marekani. Huku bondeni nyasi ziliisha, mito ikabaki mchanga, na kila mfugaji akawa anapeleka mnadani kabla mnyama hajaanguka. Bei ilishuka kila juma. Ng'ombe ambaye mwezi wa Februari angetosha kununua kitu cha maana, mwezi wa Mei alikuwa ngozi iliyosimama. Kwa hiyo suala la nani aende halikuwa na muda wa kuzungushwa. Kama wanyama wangeuzwa, ilikuwa ni sasa.

Usiku mmoja baba alirudi kutoka Voi, akaja moja kwa moja jikoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akaketi kwenye kigoda cha mama. Akavua viatu.

"Msichana aende," alisema. "Kichwa anacho. Pesa zikiwekwa kwake hazitapotea."

Mama aliendelea kukoroga. "Na yule mwingine?"

"Atafute kazi Mombasa."

"Amekwisha kuitafuta."

Ilikuwa kweli. Kaka alikuwa amekaa Changamwe kwa jamaa yetu mmoja karibu mwaka mzima, akizunguka kwenye milango ya makampuni na vyeti ndani ya bahasha. Alirudi amekonda na mkimya. Kijijini alianza kufuatana na vijana waliokuwa wakinywa kuanzia mchana, na mara mbili mama alikwenda kumtoa huko mwenyewe, usiku, amejifunga leso kichwani ili asijulikane. Alikuwa mpole, mwenye moyo mzuri, na mwepesi wa kukata tamaa. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alihitaji tu mtu wa kumsukuma kila hatua, na dada hakuhitaji.

Dada hakuwa amekaa bure hata mwezi mmoja. Tangu atoke kidato cha sita alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya harambee, bila mafunzo ya ualimu, kwa mshahara mdogo uliolipwa pale wazazi walipolipa. Na tayari alikuwa ameomba nafasi ya chuo cha ualimu, Shanzu. Hakuipenda. Aliiomba kwa sababu ilikuwepo.

Hapo ndipo mama aliposema maneno ambayo sijayasahau. Kwa asiyepajua, Manyani ni pale barabara ya Mombasa inapokatiza mbuga ya Tsavo, penye gereza na simba.

"Baba watoto," alisema, "huyu msichana hata ukimshusha Manyani bila nauli, jioni utamkuta hapa mlangoni. Kaka yake ukimshusha pale, utakwenda kumtafuta na tochi."

Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo anayeweza ndiye anyimwe?"

"Sisemi ni haki. Nataka tubaki na watoto wote."

Hii ndiyo sehemu isiyosimuliwa kwenye matanga. Baba alitaka aende dada, na mama, aliyembeba, aliyempeleka shule kwa pesa za kabichi wakati ada ya baba ilipochelewa, ndiye aliyesema aende kaka. Wala si kwa sababu aliwadharau wasichana. Mama alipanga pesa kwa kufuata hofu. Alitazama ni mtoto yupi atapotea akiachwa, akaweka kila kitu tulichokuwa nacho juu ya huyo. Nimewaona wazazi wengi wakifanya hivyohivyo tangu siku ile, kwa watoto wa kiume na wa kike, kwa ada za chuo na kwa mitaji ya biashara. Mtoto hodari huambiwa asubiri kwa sababu hodari hafi. Naam, hafi. Lakini kuna mambo yanayompita akisubiri, na hayo hakuna anayeyaandika.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, na mama aliijua kuliko baba. Baadhi ya ng'ombe walikuwa wametoka kwa babu. Kuwauza bila kikao cha ukoo kungeleta maneno, na kuwauza kwa ajili ya msichana kungeleta zaidi ya maneno. Sheria ya Urithi ilikuwa imeanza kutumika mwezi wa Julai 1981, ikisema watoto wote warithi sawa, wa kiume na wa kike. Sijui mtu hata mmoja kijijini kwetu aliyekuwa ameisikia wakati ule. Tuliyoijua ni ile ya wazee. Baba mkubwa aliitamka kikaoni bila kuinua sauti: ng'ombe wa mzee hawawezi kuvuka bahari kwa ajili ya mtu atakayeolewa kwingine. Lakini wakati anatamka hayo, uamuzi ulikuwa umeshafanywa jikoni, na kwa sababu tofauti. Ukoo ulidhani umeamua, na baba akawaacha wadhani hivyo. Ndiyo maana mpaka leo lawama iko kwa wanaume wale.

Dada aliambiwa na mama, shambani, wakiwa peke yao. Sijui waliambiana nini. Ninachojua ni kwamba kwa siku kadhaa hakula nasi, na kwamba kila asubuhi alikwenda kufundisha kama kawaida. Tulilala kitanda kimoja. Usiku mmoja aliwasha koroboi, akachukua karatasi ya kuandikia barua, akawaandikia Poona kwa mwandiko wake ulionyooka kwamba hataweza kufika mwaka ule, na akaomba nafasi yake ihifadhiwe hadi mwaka ujao. Aliniambia nimsomee kwa sauti asikie kama kuna kosa. Hapakuwa na kosa. Hawakumjibu.

Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kusikitisha. Zilizopatikana pamoja na akiba ya baba hazikutosha, kwa hiyo ikaitishwa harambee. Wasomaji vijana wanaoona michango ikipita kwenye simu huenda wasijue ile ilikuwa kazi gani. Kibali kilitoka kwa DC, mkuu wa wilaya, kupitia chifu. Kadi zilipigwa chapa Voi na kusambazwa kwa makarani wa reli mpaka Mombasa, kila kadi ina mistari ya majina na pesa. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa la CPK, yaani Anglikana, chini ya turubai la kuazima. Alikuwapo mgeni wa heshima, aliyechelewa kama ilivyo ada. Kuku walipigwa mnada, mayai yakapigwa mnada, mkungu wa ndizi ukanunuliwa na kurudishwa ukauzwa tena mara nne. Njaa ilikuwapo, na watu bado walitoa. Walitoa shilingi tano, kumi, ishirini, na mwenye mkono mtupu alileta kibaba cha maharagwe kikauzwa palepale.

Mimi niliandika. Mweka hazina alikuwa na macho mabovu, akaniketisha karibu yake na daftari la shule, yeye anataja, mimi naandika jina na kiasi. Kwa hiyo najua. Dada alikuwa nyuma, kwenye masufuria, na alipokuja mbele alitaja jina lake kama mchangaji mwingine yeyote, akatoa mishahara ya shule ya harambee aliyokuwa akiiweka tangu mwaka uliotangulia. Ukimwondoa mgeni wa heshima, hakuna aliyetoa zaidi yake. Watu walipiga makofi na vigelegele. Alirudi kwenye masufuria.

Zilibaki pasipoti na fedha za kigeni. Enzi zile mtu hakuweza kununua dola dukani. Kulikuwa na sheria ya udhibiti, na maombi yalipitia benki mpaka Benki Kuu, pamoja na barua ya chuo na idhini ya wizara. Dola ilikuwa kama shilingi 14. Baba alichukua likizo yake yote ya mwaka kwa ajili ya makaratasi hayo, akilala kwa jamaa Mombasa, na kwa tabia yake ya ukarani kila risiti aliitoboa na kuifunga kwa uzi. Kaka aliondoka akiwa amevaa suti iliyoshonwa na fundi wa Voi, mikono yake mirefu kidogo ili atakapoongeza mwili imtoshe.

Barua zake za kwanza zilimfurahisha baba kupita kiasi. Alieleza jinsi treni iitwayo Deccan Queen inavyopanda kutoka Bombay mpaka Poona kupitia mahandaki milimani, na baba akamwandikia kumuuliza upana wa reli. Kaka alikwenda kuuliza akaleta jibu: futi tano na inchi sita, wakati yetu ni mita moja. Baba alilitembeza jibu hilo steshini nzima.

Kisha tarehe 31 Oktoba 1984 tukasikia kwenye Sauti ya Kenya kwamba Indira Gandhi amepigwa risasi na walinzi wake mwenyewe. Siku zilizofuata ilikuwa habari ya mauaji ya Masingasinga huko Delhi, maduka kuchomwa, watu kuvutwa kutoka kwenye treni. Hatukuwa na simu. Barua ya haraka kabisa, ile aerogramu ya buluu, ilichukua majuma. Mama hakujua Delhi iko wapi na Poona iko wapi. Alichojua ni kwamba mwanawe yuko India na India inawaka. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba afunguliwe atlasi, akapima umbali kwa vidole. Dada ndiye aliyekuja kukaa naye. Alikuwa amekwisha kujiunga na Shanzu, akaomba ruhusa, akaja kulala kwetu usiku mmoja kisha akarudi. Mwezi wa Desemba, kabla aerogramu ya kutuliza haijafika, ikaja habari ya gesi ya sumu ya Bhopal iliyoua maelfu. Mama akarudi tena kwa mwalimu mkuu, kwenye atlasi ileile. Barua ya kaka ilipofika ilisema tu kwamba maduka yalifungwa siku chache, na kwamba baridi ya asubuhi ya Poona inafanana na ya Wundanyi.

Mwaka wa pili pesa ziliisha. Ng'ombe waliobaki bondeni walikuwa wamekufa na ukame, na harambee mtu haitishi mara mbili kwa jambo moja. Baba alikopa reli, akakopa kwa jamaa, akauza baiskeli yake. Kaka huko alihamia chumba cha watu wanne, wakapika zamu, na siku nyingine, tulikuja kujua baadaye, waliishi kwa chapati na chai. Hakuandika kulalamika hata mara moja. Hili nalisema kwa sababu wako wanaomsimulia kama mtu aliyekula jasho la wengine kwa raha. Hakuiona raha.

Mwaka wa tatu ulilipwa na dada. Alitoka Shanzu mwaka 1986 na cheti cha ualimu cha P1, Tume ya Kuajiri Walimu ikampeleka shule ya msingi bondeni, mahali pa vumbi na ndovu, umeme haujafika. Mshahara wake wa kwanza alimletea mama, kama desturi. Wa pili ulikwenda Poona. Kisha akachukua mkopo kwenye sacco ya walimu, mkubwa kadiri walivyomruhusu, na makato ya mkopo ule yalikaa kwenye hati yake ya mshahara kwa miaka, hata baada ya kaka kurudi na shahada yake ikatundikwa ukutani kwa baba. Mimi nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1987, sanduku langu la bati na godoro vilinunuliwa na dada. Ada yangu kwa sehemu kubwa ilitoka kwake.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Tunaposema familia fulani ilimsomesha mtoto wake ng'ambo, tunawataja baba na mama, tunalitaja shamba lililouzwa, tunaishukuru harambee. Mara nyingi sana mlipaji ni ndugu aliyebaki. Nimewauliza wenzangu wa rika langu, wa Taita, wa Machakos, wa Moshi ng'ambo ya mpaka, na wengi wanakuwa na mtu huyo: dada mwalimu, dada muuguzi, kaka askari aliyeacha shule kidato cha pili. Akaunti zao ndizo zilizopitishiwa ada. Wengine hawakuulizwa, ilijulikana tu kwamba mwenye mshahara atatoa. Na yule aliyekwenda, akirudi, hukuta deni ambalo halina risiti, asijue alipe nani na kiasi gani, na wengi kwa aibu hukaa mbali.

Kaka hakukaa mbali. Alirudi 1987, akapata kazi ya uhasibu Mombasa baada ya miezi ya kuhangaika, na mzigo ukaanza. Kila aliyetoa shilingi ishirini pale uwanjani alikuwa na mtoto wa kutafutiwa kazi. Wazee walishuka na basi la asubuhi wakamngoja mlangoni mwa ofisi na vyeti vya wajukuu. Alizika watu, aliezeka kanisa, alilipia hospitali. Alimjengea baba nyumba ya mawe. Mwaka 1991 serikali ilipoanza kuwadai wazazi mchango wa ada za chuo kikuu, ni yeye aliyenilipia mimi, na sikupungukiwa kitu. Siwezi kumlaumu na sitaki. Lakini katika mambo yote aliyofanya, hapakuwa na siku aliyomwuliza dada: na wewe bado unataka kusoma? Sisi wengine pia hatukuuliza. Alikuwa mwalimu, alikuwa ameolewa, alikuwa na watoto, alionekana ametimia.

Alikuwa bado anataka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mwaka 1986 shahada ya ualimu ya masafa, mtu anasoma nyumbani kwa vitabu vinavyotumwa na kuhudhuria kampasi ya Kikuyu wakati wa likizo za shule. Mkopo wa sacco ulipokwisha tu, dada alijaza fomu. Hakumwambia mtu isipokuwa mumewe. Likizo baada ya likizo alipanda basi la usiku kutoka Voi, mtoto mchanga mgongoni kwa sehemu ya miaka hiyo, na wenzake wa darasani walikuwa walimu wazima wenye mvi wakiandika mitihani kwenye viti vya wanafunzi. Shahada hiyo si ya sayansi. Somo la fizikia alilolitaka halikuwepo kwenye mpango ule, maana ulikuwa wa masomo ya sanaa. Alisomea ualimu wa hisabati na jiografia. Ilimchukua miaka mingi kuliko ile mitatu ya Poona. Kwenye mahafali yake tulikwenda wote, na baba, aliyekuwa amekwisha kustaafu na kupofuka jicho moja, aliomba ashikishwe lile gamba la shahada, akalipapasa kwa vidole kama anayetafuta kosa la chapa.

Nilimuuliza mama, karibu na mwisho wake, kama angeamua tena vilevile. Alikuwa kitandani, akili yake ikiwa safi. Alisema angeamua vilevile. Kisha akasema, "Lakini ningemwambia asante. Sikumwambia."

Nilimfikishia dada maneno hayo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mwaka 2011, baada ya katiba mpya kupita na baba kufariki, tulikaa kugawana shamba. Baba mdogo aliongoza. Kaka alizungumza wa kwanza, na alikuwa amejiandaa. Alisimama mbele ya ukoo akasema hadharani, kwa mara ya kwanza, ni nani aliyelipa mwaka wake wa tatu, na kwamba kama kuna sehemu ya juu yenye kijito, sehemu bora kuliko zote, basi ni ya dada, yeye mwenyewe atachukua ile ya mawe. Wazee wawili walinung'unika kuhusu msichana aliyeolewa. Kaka akawajibu kwa sheria, kifungu kwa kifungu, na wakanyamaza.

Ndipo dada akaombwa aseme neno.

"Shamba nitalichukua," alisema, "kwa sababu ni haki yangu, na ningelichukua hata kama nisingelipa senti. Lakini msiandike kwamba mmenilipa. Mimi sikutaka shamba. Nilitaka kwenda."

Kaka aliinamisha kichwa. Hakuna aliyetafuta la kusema. Baba mdogo alisukuma karatasi za makubaliano katikati ya meza, dada akazisoma zote tangu mwanzo, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akatia sahihi. Kisha akauliza ada ya mpimaji itakuwa kiasi gani, tukigawanya kwa watatu, na akahesabu sehemu yake palepale.